Kichwa Kisichoambilika

Lawama ya kwanza ilikwenda kwa friji. Bwana Kipimo aliichomoa asubuhi, kabla hata hajanawa uso, akatangaza kwamba ina umeme mchafu. Mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, aliuliza umeme mchafu huogeshwa na nani. Kufikia mchana maziwa yalikuwa yamechacha na mashine yake ya kuchonga mbao ilikuwa na wazimu uleule.

Lawama ya pili ilikwenda kwa feni, ya tatu kwa chaja za simu, ya nne kwa redio ya mama. Redio hiyo ilikuwa ya betri. Mama alimweleza hivyo kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Mwanawe akasema mawimbi hayaulizi betri, akaichukua, akaifungia kabatini. Hadi siku ile mama huyo hakuwa na upande katika vita vya mwanawe na mkewe. Kabati lilipofungwa akachagua.

Mashine yenyewe ilijaza karakana nzima: meza ya chuma, na juu yake kichwa kinachotembea huku na huko kikiwa kimeshika kisu kinachozunguka, na kuchonga mbao kwa amri ya kompyuta. Bwana Kipimo alikuwa seremala wa randa na patasi tangu ujana. Jina alipewa na majirani, kwa sababu hakuwa akikubali hata kukatiwa mkate bila kuangalia kama vipande vinalingana. Aliponunua mashine, jina likawa cheo.

Kisu cha mashine hiyo hakiendi mwendo mmoja. Kwenye kufukua mbao nyingi hupunguza, kwenye maua madogo huongeza. Kompyuta ndiyo inayoamua. Hutuma amri kwa waya mwembamba hadi kwenye kisanduku cha ukutani chenye tarakimu nyekundu, na kisanduku hukiambia kichwa kizunguke mara ngapi. Hiyo ndiyo otomatiki, na ndiyo iliyokuwa imeharibika. Kompyuta ikisema elfu kumi na mbili, tarakimu zinapanda hadi ishirini, zinaporomoka hadi nane, zinapanda tena, kama mume aliyeitwa na wake wawili kwa pamoja. Kikienda kasi mno kisu kiliunguza mbao. Kikilegea kilizichana.

Kisanduku kilikuwa na kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Bwana Kipimo alizima otomatiki akasimama pale mwenyewe, vidole kwenye kitufe, shingo imekaza, kama mtu anayetafuta stesheni. Kisu kikifika kwenye ua, aongeze. Kikitoka, apunguze. Alikwenda vizuri mpaka ua la tatu, ndipo vumbi likamwingia puani akapiga chafya. Chafya ilikuwa moja tu. Ua likawa jeusi kama kitako cha sufuria.

Mwenye Gesti ndiye aliyekuja kuliona.

Huyu mama alikuwa na nyumba ya wageni barabara ya pili, na ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba ile kwa mikono yote miwili. Bwana Kipimo alipewa kazi ya kuchonga mbao za kichwani mwa vitanda. Mkewe, ambaye alikuwa dobi, alipewa shuka za kufua. Mwenye Gesti alipita kwenye milango kwa ubavu, si kwa unene, bali kwa kutotaka kugusa kitu kabla ya kukikagua.

Aliinama juu ya ubao akavaa miwani.

"Hili ni ua gani?"

"Waridi," alisema Bwana Kipimo.

"Limepatwa na nini?"

Bwana Kipimo alianza kueleza habari za mawimbi. Mwenye Gesti alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Kisha akasema maneno yake taratibu, akihesabu kwa vidole vya glavu. Vyumba vipya anafungua Jumamosi. Mbao ni nane. Jumamosi zisipokuwapo atanunua vitanda vya chuma, ambavyo havina maua na havipatwi na kitu. Na akishafika hapo, shuka nazo atazipeleka kwa wale wenye mashine za kufulia.

"Shuka zina kosa gani?" aliuliza mama yake Bwana Kipimo kutoka mlangoni.

"Mama, nitakuwa nimechoka na nyumba hii yote. Povu lake na vumbi lake."

Akatoka kwa ubavu.

Habari ya vumbi ilikuwa kidonda kibichi. Tangu alipoolewa, dobi alikuwa akifulia nyuma ya karakana, penye bomba, mabeseni yake yamepangana kama familia. Mashine ilipokuja, vumbi la mbao lilianza kupita dirishani na kutua kwenye shuka zilizoanikwa. Mgeni mmoja wa gesti alijikuna usiku kucha hadi akadai arudishiwe pesa zake. Mwenye Gesti aliirudisha shuka hiyo mwenyewe, akaikunjua barabarani mbele ya watu, akaikung'uta. Unga wa mbao ulitoka kama vumbi la godoro linalopigwa.

Dobi alisimama pale na sabuni mkononi. Alimtazama mumewe, akingoja aseme neno moja la kumkinga. Mumewe alisema neno. Alisema mashine imefungwa kwa nondo kwenye sakafu, haihamishiki. Lakini beseni, akasema, beseni lina mikono miwili.

Mwanamke akinyamaza, mwenye akili hutafuta mwavuli. Dobi alishika mikono miwili ya beseni la kwanza, akalipeleka uani kwa jirani mfuga kuku, akarudi kuchukua la pili. Tangu siku hiyo alifulia huko. Jioni alirudi, akapika, na maneno yake mezani yakawa matatu: ndiyo, hapana, na kula.

Siku chache baadaye kichwa cha mashine kikaanza wazimu.

"Ilianza lini hasa?" mama alimwuliza mwanawe, ambaye alikuwa amelala chali chini ya meza ya chuma, ameshika tochi kwa meno.

Alitoa tochi. "Juzijuzi."

"Na mkeo aliondoa mabeseni lini?"

"Mama, hii ni elektroniki."

"Sijasema siyo. Nimeuliza mabeseni."

Alirudisha tochi mdomoni. Alikuwa amekwishabadilisha ule waya mwembamba, akanunua mwingine wenye ganda la fedha. Hakuna kitu. Aliutenga na nyaya nene za umeme, akaupitisha darini peke yake kama mwali. Hakuna kitu. Alipitia mipangilio yote ya kisanduku, moja moja, akibadili na kurudisha, hadi asijue tena ipi alibadili na ipi alirudisha. Alimtumia muuzaji video yenye sauti. Muuzaji akajibu kwa maneno mawili: zima, washa. Alizima, akawasha. Kichwa kikalia juu, kikalia chini, kama mtoto aliyesahau anachokililia.

Nyumba nzima ikaanza kutembea kwa ncha za vidole. Mtu akitaka kuchaji simu alikwenda kwa jirani. Mtu akitaka maji baridi alikwenda kwa jirani. Mama akitaka kusikia taarifa ya habari alikwenda kwa jirani, akaketi kwenye ndoo kati ya kuku na mabeseni ya mkamwana wake. Wakasikiliza pamoja bila kuzungumza. Wote wawili waliona ni mazungumzo mazuri.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, Bwana Kipimo alimeza kiburi akamwita fundi wa umeme.

Fundi huyo aliitwa Fundi Subiri. Ukimpigia simu husema subiri, akifika husema subiri, ukimwuliza bei husema subiri kwanza. Alipewa glasi ya maji, akaizunguka mashine nayo mkononi bila kugusa chochote. Bwana Kipimo alimfuata nyuma akimweleza mambo yote aliyoyafanya. Alieleza kwa muda mrefu. Fundi aliuliza swali moja tu: huu waya wa kijani na manjano unakwenda wapi.

Bwana Kipimo akasema huo unatoka nje, unafungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ili umeme usiotakiwa upate pa kwenda. Muuzaji ndiye aliyeisimika. Huo hauna shida, akaongeza, hauna hata tarakimu.

"Subiri," alisema fundi. "Wewe iache ikizunguka elfu kumi na mbili."

Akazunguka nyuma. Huko alimkuta dobi, aliyekuja kuchukua vibanio vyake vya nguo. Alikuwa akivichukua vichache vichache kila siku, ili awe na sababu ya kupita. Fimbo ilikuwa pale chini ya ukuta, nusu nje nusu ndani, na udongo ulioizunguka ulikuwa umepasukapasuka kama visigino vya kiangazi.

"Shemeji, hapa pamekauka tangu lini?"

"Tangu nilipoambiwa beseni lina mikono miwili."

"Na kabla ya hapo?"

Dobi alicheka kwa pua. Kabla ya hapo palikuwa tope mwaka mzima, akasema. Kila beseni la maji machafu alilimwaga hapo hapo. Ndara mbili zilikwishazama humo zisionekane tena.

Fundi aliangalia glasi yake, akaona haitoshi. Aliomba ndoo. Dobi aliijaza bombani akampa, naye akaimwaga yote mguuni pa ile fimbo. Udongo ulikunywa kwa sauti. Ndani ya karakana kichwa kilikuwa kikilia juu na chini, juu na chini. Kikasita. Kisha kikashika sauti moja, nyororo, kama nyuki aliyepata ua.

Fundi na dobi wakatazamana.

Sasa, wakati huohuo kule ndani, Bwana Kipimo alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu na kukipiga kisanduku kofi. Alikipiga, na tarakimu zikatulia kwenye elfu kumi na mbili kamili. Alizitazama. Akatazama kiganja chake. Alitoka mbio hadi nyuma, nyusi zimejaa unga wa mbao, uso unang'aa.

"Nimeipata," alisema. "Ilikuwa inataka heshima."

Fundi Subiri alifungua mdomo. Dobi akamtazama. Ovaroli za fundi huyo zilikuwa zikifuliwa na dobi huyo kwa miaka, na dobi hujua mambo mengi ya mifuko ya watu. Fundi akafunga mdomo.

"Subiri," alisema tu.

Hawakungoja sana. Ardhi ilikuwa na kiu ya siku nyingi, na ndoo moja kwake ilikuwa kama tone kwenye jiwe la moto. Sauti ikapanda, ikashuka. Bwana Kipimo akarudi ndani. Wakasikia kofi. Wakasikia la pili, upande wa pili. Yakafuatana mfululizo, ya juu na ya chini, hadi mama akaja kuuliza ni nani anapigwa.

Bwana Kipimo alipotoka tena alikuwa ameshika kiganja chake chini ya kwapa. Fundi akamweleza, na hakusema uongo hata neno moja. Umeme usiotakiwa hauna njia ya kutokea, ardhi ni kavu. Unarudi juu, unaingia kwenye ule waya mwembamba, na kisanduku kinasikia amri na kelele kwa pamoja, hakijui nani anasema kweli. Zamani ardhi hii ilikuwa ikinyweshwa na mabeseni ya shemeji. Mabeseni yameondoka, ardhi imekufa kiu.

"Dawa yake?"

Fundi alimtazama dobi. "Mwulize mwenye maji."

Bwana Kipimo alimgeukia mkewe. Dobi alikuwa akihesabu vibanio.

"Mama watoto," alianza, "nilikuwa nawaza. Kule kwa jirani kuku wanakusumbua."

"Kuku wana adabu."

"Na jua la kule siyo zuri."

"Zuri."

Mama yake, ambaye alikuwa amekwishajipatia jiwe la kukalia, akasema, "Mwanangu, sema neno lenyewe. Ni fupi."

Fundi Subiri alitazama mbinguni, kwa adabu. Kichwa cha mashine kililia juu, kikalia chini.

"Nilikosea," alisema Bwana Kipimo.

"Kwa kiasi gani?" aliuliza dobi. "Wewe ni mtu wa vipimo."

Alifikiri kweli. Alitazama ukuta, akatazama dirisha, akatazama kamba tupu ya kuanikia.

"Kwa upana wa karakana nzima," alisema. "Na urefu wake."

Dobi alitia vibanio mfukoni na kutaja masharti. La kwanza, ukuta wa mbao kati ya mashine na kamba, na mfuko wa kukamata vumbi pale linapotokea. Mama akasema la pili ni lake, redio. La tatu, dobi akaendelea, siku za kuchonga, povu la kwanza la shuka za gesti atalifua mwenye vumbi, kwa mikono yake, hapa hapa, na maji atamwaga pale pale.

"Maji ya bomba peke yake hayatoshi?" aliuliza Bwana Kipimo.

"Ardhi ile imezoea povu," alisema dobi.

Bwana Kipimo alimtazama fundi. Fundi Subiri alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

Jumamosi Mwenye Gesti alikuja mapema, amejitayarisha kukasirika. Alipita mlangoni kwa ubavu akakuta mashine inachonga peke yake, kwa sauti moja, na karakana haina mtu. Alipita nyuma. Huko alimkuta seremala amechuchumaa kati ya mabeseni, povu limempanda hadi viwikoni, anasugua shuka. Dobi alikuwa amesimama juu yake.

"Pindo," alikuwa akimwambia. "Wageni wanajifutia midomo kwenye pindo."

"Seremala," alisema Mwenye Gesti, "umebadilisha kazi?"

"Hapana, mama. Ndiyo kazi yenyewe. Mashine hii inakwenda kwa povu."

Mwenye Gesti alimtazama dobi. Dobi alitazama kamba. Wanawake wawili waliofanya biashara kwa miaka mingi hawahitaji kuelezana mambo, na Mwenye Gesti hakuuliza tena. Alinusa shuka. Alipitisha kidole kwenye mbao, ua baada ya ua. Saba zilikuwa safi, kila ua linalingana na mwenzake. Wa nane ulikuwa ule wa kwanza, wenye waridi lililopatwa. Ubao mwingine haukupatikana. Bwana Kipimo aliugeuza uso ukutani, lakini huyo si mama wa kutogeuza kitu.

Alilitazama lile ua jeusi kwa muda.

"Huu nitauweka chumbani kwangu," alisema hatimaye. "Wageni nitawapa maua yasiyo na historia."

Shuka zikabaki kwa dobi, na vitanda vikabaki vya mbao.

Fundi Subiri alisema atakuja kupigilia fimbo ndefu zaidi, ifike kwenye udongo wenye unyevu, ili mambo ya mabeseni yaishe kabisa. Dobi alimshukuru sana. Akamwambia asubiri.

Mvua zikaja. Ardhi nyuma ya karakana ililowa yenyewe, ikatoa tope, ikatoa na vyura. Ile fimbo ya shaba ilikuwa imesimama katika dimbwi ambalo bata angeoga. Hata hivyo, siku ya kuchonga Bwana Kipimo alitoka kama kawaida, akachuchumaa chini ya bati lililotoboka, akatia sabuni, akaanza kusugua. Mvua ilimpiga mgongoni.

Dobi alikuwa ndani, penye dirisha, na kikombe cha chai ya moto. Friji ilikuwa ikinguruma, na redio pia. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Mkamwana, mwambie basi," alisema mama.

"Nimwambie nini, mama? Siku ya kujua atajua."

Mama alichukua mwavuli akatoka. Alisimama juu ya mwanawe, akamkinga nusu, yeye mwenyewe akajikinga nusu.

"Mwanangu, hii inayokunyeshea ni nini?"

"Mvua, mama."

"Na mvua ni nini?"

"Maji."

"Basi?"

Bwana Kipimo alitazama upande wa dirishani, akapunguza sauti. Alisema wiki ileile ya kwanza, mkewe alipokwenda sokoni, alimwaga ndoo tatu za maji matupu ya bomba, na mashine ikatulia siku nzima. Na Fundi Subiri alimwona njiani akamwambia habari ya fimbo ndefu. Yeye naye akamjibu asubiri.

"Unajua yote hayo, na unafua?"

Alikamua pindo la shuka, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Mama," alisema, "beseni lina mikono miwili."

Mama alirudi ndani, akakung'uta mwavuli, akakaa.

"Amesemaje?" aliuliza dobi.

"Anasema maji ni ya baridi," alisema mama, akaongeza sauti ya redio.